Sikio la Tabibu: Lugha, Masimulizi na Sanaa katika Mafunzo ya Afya



Katika safu hii ya somo tumezoea kujifunza habari za visima, vyoo bora, vikundi vya kuweka na kukopa na kilimo cha mihogo. Safari hii tunajifunza jambo ambalo kwa haraka linaweza kuonekana liko mbali na kazi zetu, nalo ni nafasi ya lugha, fasihi, historia na sanaa katika kumwandaa daktari, tabibu, muuguzi na mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Mifano mingi tumeichukua hapa hapa Bagamoyo na ukanda wetu wa pwani.

Lengo la somo: Baada ya kusoma na kujadili, msomaji aweze (a) kueleza kwa nini mtoa huduma za afya anahitaji elimu ya lugha na masimulizi ya watu anaowahudumia, (b) kutofautisha sanaa inayotumika kupamba shughuli na sanaa inayotumika kujifunza, na (c) kupendekeza hatua zinazoweza kuanza katika zahanati, chuo au usharika wake.

1. Mgawanyo unaoanzia shuleni

Kijana anayetaka kuwa daktari huchagua mchepuo wa sayansi mapema. Kwa wengi maana yake ni Fizikia, Kemia na Biolojia kidato cha tano na cha sita. Fasihi ameiacha kidato cha nne. Akifika chuoni, anasoma habari za viungo vya mwili, dawa na vimelea, na anasoma kwa Kiingereza. Ni masomo magumu na ya lazima. Tangu shule ya udaktari ilipoanza Dar es Salaam mwaka 1963, ile ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, maelfu ya wataalamu wamepita katika njia hiyo, na wengi wetu tuko hai kwa sababu yao.

Hata hivyo, siku mtaalamu huyo anapopangiwa kazi Kiwangwa, Fukayosi au Saadani, mgonjwa wa kwanza anayeingia chumbani hasemi kama kitabu. Anasema kwa Kiswahili cha pwani, pengine kilichochanganyika na Kikwere, Kizaramo, Kidoe au Kizigua: "Mshipa umenipanda." "Tumbo linanisokota." "Mtoto ana mchango." Tabibu anasikia kwa Kiswahili na kuandika kwa Kiingereza. Kati ya mdomo wa mgonjwa na kalamu ya tabibu kuna kazi ya kutafsiri, na kazi hiyo inafanyika mara nyingi kila siku bila mtu kufundishwa namna ya kuifanya.

Tuchukue neno "ngiri". Katika kitabu cha tabibu neno hili linaweza kuwa na maana moja tu, yaani utumbo uliopenya mahali pasipo pake. Kwa mzee wa pwani neno hilo hilo linaweza kubeba maumivu ya chini ya kitovu, kuvimba kwa mfuko wa korodani, au hata kupungua kwa nguvu za kiume ambako anaona aibu kukutaja. Tabibu asiyejua upana wa neno hili ataandika ugonjwa mmoja, na mgonjwa ataondoka na mwingine.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Somo hili linahusu mgonjwa wa aina nyingine, yule ambaye hakuficha, amesema kwa maneno aliyo nayo, lakini hakusikika.

2. Funzo la degedege

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa Muhimbili wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani waliendesha mradi wa vyandarua vyenye dawa katika vijiji vya Wilaya ya Bagamoyo. Pamoja na wataalamu wa mbu na vimelea, mradi ulikuwa na watu waliokaa na wanakijiji kuuliza maneno: homa mnaziitaje? Ipi inatokana na mbu? Ipi inatibiwa hospitali? Matokeo yalichapishwa katika majarida ya kitaalamu, yakiwemo makala mawili ya mwaka 1996.

Waliyoyakuta yanafaa kufundishwa katika kila chuo cha uuguzi. Mtaalamu anaposema "malaria" anamaanisha ugonjwa mmoja wenye sura nyingi: homa ya kawaida, upungufu mkubwa wa damu, na ile hali mbaya ambayo watu huieleza kuwa malaria imepanda kichwani, ambapo mtoto hushikwa na mitukutiko na kupoteza fahamu. Kwa wanakijiji wengi hayo hayakuwa ugonjwa mmoja. "Homa ya malaria" ilikuwa homa inayojulikana, isiyotisha sana, inayotibika kwa vidonge. Mtoto aliyekakamaa, kugeuza macho na kutetemeka alikuwa na kitu kingine kabisa, yaani degedege.

Jina lenyewe lina masimulizi ndani yake. Katika Kiswahili degedege ni ugonjwa wa watoto, na pia ni aina ya nondo. Wengi waliamini kwamba ugonjwa huu unaletwa na shetani mwenye umbo la ndege, anayepita juu na kumwangushia mtoto kivuli chake. Ugonjwa wa namna hiyo tiba yake iko kwa mganga: mafusho, dawa za majani na kinga. Tena kulikuwa na hofu kubwa kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa.

Hebu tufikiri pamoja, ndugu msomaji. Mradi unatangaza kijiji kizima: "Tumieni vyandarua, malaria inaua watoto." Mama anasikia, anakubali, na anaelewa kila neno. Lakini mtoto wake akipatwa na mitukutiko usiku, hakuna hata neno moja katika tangazo lile linalomhusu, kwa sababu mtoto wake hana malaria, ana degedege. Mtaalamu ametamka neno "malaria", mama amelisikia, na bado kila mmoja anazungumzia ugonjwa wake. Hapo saa chache ndizo zinazoamua kama mtoto ataishi.

Hofu ya sindano nayo haikuzuka hewani. Mtoto anayefikishwa hospitali akiwa amechelewa sana huchomwa sindano kwa sababu hali yake ni mbaya, na wengine hufariki muda mfupi baadaye. Jirani aliyeona sindano na kisha kifo anaunganisha mambo hayo mawili. Kumwita mtu huyo mjinga hakumsaidii mtoto yeyote. Kinachosaidia ni kuijua hoja yake na kuijibu.

Watafiti wale waligundua jambo jingine linalohusu majira. Watu wa Bagamoyo waliuhusisha ugonjwa na mbu wengi wa wakati wa mvua, hivyo wengi hawakuona haja ya chandarua mvua zikipita, ingawa hatari ilikuwa bado ipo. Ilibidi ujumbe upangwe upya kwa kufuata kalenda ya watu wenyewe, yaani masika, vuli na kiangazi.

Miaka ya baadaye mwanaanthropolojia Vinay Kamat alikaa na akina mama wa Kizaramo kusikiliza simulizi za watoto wao waliougua degedege. Alichapisha makala yake mwaka 2008 na kitabu mwaka 2013. Alionyesha kuwa tusikimbilie kusema mila ndiyo inayochelewesha. Katika simulizi zile mlikuwa pia na umaskini, nauli, na huduma ambayo mama aliipata au aliikosa alipofika kituoni. Mtu asiyesikiliza simulizi yote huona sehemu moja tu, na mara nyingi ni ile inayomtwisha mama lawama.

Kwa faida ya msomaji: mtoto akipatwa na mitukutiko, mlaze ubavu mahali salama, usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, usimpe dawa ya kunywa wakati hana fahamu, na mpeleke kituo cha afya mara moja, iwe mchana au usiku.

3. Damu, mumiani na somo la historia

Bagamoyo ni mahali ambapo utafiti mkubwa wa afya umefanyika. Taasisi ya Afya Ifakara ina kituo chake hapa. Chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ilijaribiwa hapa, na katika jaribio kubwa la mwaka 2009 hadi 2014 Bagamoyo na Korogwe vilikuwa miongoni mwa vituo 11 katika nchi 7 za Afrika. Mwezi Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo hiyo itumike kwa watoto wa maeneo yenye malaria. Ni heshima kwa wazazi wa wilaya hii waliokubali watoto wao washiriki.

Utafiti wa namna hii huhitaji damu kidogo ya mtoto na sahihi au dole gumba la mzazi kwenye fomu ya ridhaa. Ni nani aliyemfundisha muuguzi kijana kwamba katika pwani yetu damu ina historia? Tangu enzi za ukoloni zimesimuliwa hadithi za mumiani, watu wanaodaiwa kuchukua damu ya wenzao ili itengenezwe dawa. Mahali pengine Afrika Mashariki wahusika waliitwa wazimamoto. Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu juu ya hadithi hizi mwaka 2000. Hakuzichukua kuwa habari za kweli, wala hakuzitupa kama upuuzi. Aliuliza zinatuambia nini kuhusu namna watu walivyoona kazi, dawa na mamlaka za kigeni wakati ule.

Muuguzi anayejua historia hiyo hatashangaa bibi akiuliza, "Damu hiyo mnaipeleka wapi?" Atajua kuwa swali lile lina umri mkubwa kuliko yeye, na atalijibu kwa utulivu: tunachukua kiasi hiki, tunapima kitu hiki, majibu utayapata siku fulani. Asiyejua ataona anadharauliwa, atajibu kwa ukali, na kesho mama watano hawatakuja kliniki.

Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Finland, aliandika kitabu juu ya ibada na ishara za Wazaramo mwaka 1970. Baadaye katika miaka hiyo ya 1970 aliongoza mradi wa utafiti ulioitwa Jipemoyo katika Wilaya ya Bagamoyo, ambapo wanavijiji walishiriki kuchunguza maisha yao wenyewe. Maandishi kama hayo, yanayohusu wagonjwa wetu, yapo kwenye rafu za maktaba. Swali ni je, mwanafunzi wa udaktari anayafikia?

4. Sanaa: kupamba au kujifunza?

Sisi wa Bagamoyo tuna bahati ya pekee. Chuo cha Sanaa kilianzishwa hapa mwaka 1981, na tangu mwaka 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, au TaSUBa kwa kifupi. Katika mji huo huo ziko hospitali ya wilaya na kituo cha utafiti wa afya. Msanii na mganga mkuu wanaweza kukutana sokoni kila siku.

Lakini tujiulize kwa uwazi wanakutana vipi kikazi. Mara nyingi ni siku ya uzinduzi. Ngoma inapigwa mgeni rasmi anapofika, kwaya inaimba wimbo wenye ujumbe ulioandikwa ofisini, kisha wasanii wanakaa pembeni na wataalamu wanaanza kuzungumza. Sanaa imetumika kama kipaza sauti. Watu wanacheka, wanapiga makofi, na wanarudi nyumbani na maswali yao yale yale.

Ipo njia nyingine ambayo Watanzania wenyewe waliijenga. Mwaka 1982 na 1983, walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Penina Muhando Mlama, walifanya kazi na wanakijiji wa Malya, mkoani Mwanza. Mwaka 1991 Mlama alichapisha kitabu juu ya sanaa za maonyesho kwa maendeleo. Katika njia hii hakuna ujumbe unaoletwa ukiwa tayari. Kwanza wahusika wanakaa kijijini na kusikiliza. Kisha wanachambua tatizo pamoja na wenyeji, wanatengeneza igizo, ngoma au ngonjera kwa sanaa ambazo wenyeji wenyewe wanazo, wanaonyesha hadharani, na mwisho wanajadili. Majadiliano yale ndiyo kiini.

Sasa tuiweke njia hii katika mafunzo ya afya. Wanafunzi wa uuguzi wanakaa kijijini siku tatu pamoja na wasanii. Wanakijiji wanaigiza usiku ambao mtoto ameshikwa na degedege: nani anaamka kwanza, nani anaamua, pesa ya pikipiki inatoka wapi, bibi anasema nini, mganga anaishi umbali gani na zahanati iko wapi. Kisha wanaigiza mapokezi ya zahanati jinsi wao wanavyoyaona. Mwanafunzi anayejiona akiigizwa na mama mmoja wa kijiji, namna anavyokaa, asivyoinua macho kwenye daftari, anavyosema "Next!", atapata somo ambalo mwalimu hawezi kumpa darasani. Hapo sanaa imekuwa sikio la tabibu.

5. Wenzetu wamefika wapi?

Jambo hili si letu peke yetu. Nchini Marekani, chuo cha udaktari cha Penn State kilichoko Hershey kilianzisha idara ya masomo ya namna hii mwaka 1967. Katika Chuo Kikuu cha Yale wanafunzi wa udaktari walipelekwa kwenye jumba la sanaa kuangalia picha za kuchora na kueleza kwa makini wanachokiona. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kuwa baada ya hapo walikuwa wepesi zaidi kutambua dalili katika picha za wagonjwa. Katika Chuo Kikuu cha Columbia, Rita Charon, daktari ambaye pia alisomea fasihi hadi shahada ya uzamivu, alianzisha mwaka 2000 mpango wa kuwafundisha madaktari kusikiliza na kuandika simulizi za wagonjwa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya.

Hatuna haja ya kuiga majumba ya picha. Sisi tunazo tenzi, ngonjera, vitendawili, hadithi za bibi, ngoma na michoro ya Tingatinga. Mwanafunzi aliyezoea kufumbua kitendawili amezoea pia kutoridhika na jibu la kwanza, na tabia hiyo inatakiwa chumbani mwa tabibu.

6. Hoja za wanaopinga

Wapo wanaosema, "Dawa zenyewe hazitoshi, ninyi mnaleta ngoma!" Hoja hii ni nzito. Igizo halishushi homa, na utenzi hauongezi damu. Zahanati isiyo na kipimo wala dawa ya malaria kali haitaokolewa na fasihi. Lakini dawa iliyopo kabatini wakati mama amekwenda kwingine nayo haiponyi. Tunahitaji vyote viwili.

Wengine wanasema muda hautoshi. Tabibu mmoja ana foleni inayofika mlangoni. Ni kweli. Hata hivyo, mwaka 1978 Arthur Kleinman, daktari wa magonjwa ya akili na mwanaanthropolojia wa Marekani, pamoja na wenzake walipendekeza maswali machache ya kumwuliza mgonjwa kuhusu anavyouelewa ugonjwa wake. Kwa mazingira yetu tunaweza kuyaweka hivi: Nyumbani ugonjwa huu mnauitaje? Mnadhani umetokana na nini? Mmeshafanya nini kabla ya kuja hapa? Unachokiogopa zaidi ni nini? Kuyauliza ni kazi ya dakika moja au mbili. Mgonjwa aliyetibiwa ugonjwa usio wake atarudi tena kwenye foleni ile ile.

Wapo pia wanaohofia kuwa kusikiliza imani za watu ni kuzikubali. Sivyo. Tabibu anaweza kusikia habari za ndege na kivuli chake bila kubishana, kisha akasema: "Mama, nimekuelewa. Degedege hii tunaijua, na dawa yake tunayo hapa. Na sindano hii ndiyo inayowahi kumwokoa." Ametumia neno la mama, na ameokoa muda.

7. Nini kifanyike?

Kwanza, vyuo vya afya vitenge saa chache za lugha ya mgonjwa. Wanafunzi wakusanye maneno ya magonjwa wanayoyasikia mazoezini, waandike maana zake mbalimbali, na kila darasa liwaachie wanaofuata daftari hilo.

Pili, kila mwanafunzi aandike simulizi ya mgonjwa mmoja kwa Kiswahili, kwa maneno ya mgonjwa, bila kutaja jina lake, na aisome mbele ya wenzake.

Tatu, mafunzo kwa vitendo vijijini yawe na msanii au mwalimu wa fasihi, na igizo liishie kwenye majadiliano.

Nne, wazee, wakunga wa jadi na waganga wa tiba asili waalikwe kueleza wanachokifanya, na waelezwe dalili za hatari zinazohitaji mgonjwa apelekwe hospitali haraka.

Tano, sisi wa miradi tuache kuwaita wasanii siku ya uzinduzi peke yake. Tuwaite siku ya kupanga, na tuweke posho yao kwenye bajeti tangu mwanzo.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Orodhesheni majina matano ya magonjwa yanayotumika kijijini kwenu ambayo hamjawahi kuyasikia yakitamkwa na tabibu. Kila moja lina maana gani kwa wazee, na kwa vijana?
2. Mtoto akipatwa na degedege usiku wa leo, nani nyumbani kwenu ataamua aende wapi? Je, mtu huyo amewahi kualikwa kwenye semina ya afya?
3. Kumbukeni mara ya mwisho ngoma au kwaya ilipotumika katika shughuli ya afya. Wasanii walishirikishwa katika hatua ipi? Wananchi walipata nafasi ya kujibu?
4. Tengenezeni igizo fupi la dakika tano linaloonyesha mapokezi katika zahanati yenu. Mwalikeni mhudumu wa zahanati aje kulitazama, kisha zungumzeni naye kwa heshima.

Tunawaomba viongozi wa vikundi watuandikie majibu yao, hasa ya swali la kwanza. Maneno mtakayoyakusanya tutayapeleka kwa wauguzi wa zahanati zetu.